Kabla ya Kuupiga Mlango Teke

Katika mchezo wa kuigiza wa mezani, hakuna kitu kinachozua ubishi upesi kama mlango uliofungwa. Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, uko hivi: watu wanne au watano huketi kuzunguka meza, kila mmoja akiwa na mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, huyu shujaa wa mkuki, yule mganga, mwingine mwizi mwenye vidole vyepesi. Mmoja wao hana mhusika. Yeye ni msimamizi wa mchezo, anayejua ramani, mazimwi na hazina iliyofichwa, na ndiye anayewasimulia wenzake wanachokiona na wanachokisikia. Wachezaji husema wanachotaka kufanya, na pale ambapo matokeo hayawezi kujulikana, dadu hutupwa. Sasa wamefika mbele ya mlango. Ndani kuna sauti za watu. Shujaa wa mkuki anasema anaupiga teke. Hapo maswali matatu yanazuka kwa mpigo: je, mlango umefunguka? Je, waliomo ndani wameshtukizwa, au walikuwa wanasubiri? Na nani anaanza kupiga?

Vitabu vya kanuni vimekuwa vikiyajibu maswali hayo kwa zaidi ya miaka 50, na karibu kila toleo limekuja na jibu lake. Hoja ya makala haya ni kwamba maswali hayo matatu kwa hakika ni moja: nani anajua nini kabla mlango haujafunguka? Kanuni inayoanzia hapo huwafanya wachezaji wafikiri; kanuni inayoanzia kwenye ugumu wa mbao huwaachia hesabu tupu. Na mahali pazuri pa kuipima hoja hii ni Nyakatuntu na maeneo yanayoizunguka katika wilaya za Kyerwa na Karagwe, mkoani Kagera. Kanuni za mlango zilitungwa na watu waliokuwa wakifikiria mahandaki ya mawe na milango ya mbao nzito. Huku, nyumba ya asili ilikuwa msonge wa nyasi. Kanuni ikihamishwa kutoka jiweni hadi kwenye nyasi, kilicho cha msingi ndani yake hubaki na kilicho pambo hupukutika.

Kanuni za mwanzo

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa kibiashara ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson. Ulitoka mwaka 1974 kwa nakala 1,000 tu, vijitabu vitatu ndani ya boksi. Kijitabu cha tatu ndicho kinachozungumzia milango ya chini ya ardhi, na maelezo yake ni mafupi lakini yana uzito. Milango kwa kawaida haifunguki kwa kusukumwa, lazima ilazimishwe. Mhusika hutupa dadu ya kawaida yenye pande sita, na akipata 1 au 2 mlango unafunguka. Aliye mdogo na mwepesi huenda akahitaji 1 tu. Watu hadi watatu wanaweza kusukuma kwa pamoja, lakini wakifanya hivyo hawawezi kujibu haraka chochote kinachowangoja upande wa pili. Mlango uliofunguliwa kwa taabu hujifunga wenyewe, isipokuwa umezuiwa kwa chuma, na hata chuma hicho kinaweza kuteleza. Mazimwi, kwa upande wao, hufungua kila mlango bila jasho.

Kipengele hicho cha mwisho kimechekwa sana na wachezaji wenye kupenda mantiki, kwa maana mlango mmoja hauwezi kuwa mgumu kwa huyu na mlaini kwa yule. Lakini kina busara yake. Zimwi liko kwake. Linajua komeo liko wapi, bawaba ipi imelegea, na ni wapi pa kukanyaga ili ubao usilie. Mgeni hajui lolote kati ya hayo. Kanuni iliyoonekana kama uchawi ni njia fupi ya kusema kwamba mwenyeji anaijua nyumba yake. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa, hata kabla ya waandishi kulisema wazi, mlango ulikuwa unapima ujuzi wa nyumba pamoja na nguvu za mkono.

Kushtukiza nako kuliwekewa dadu. Kijitabu kilekile kinasema kwamba kunaweza kutokea tu endapo upande mmoja, au pande zote mbili, haujui kuwa mwenzake yupo. Mwanga na kelele hukufuta. Pale ambapo nafasi ipo, kila upande hutupa dadu yake, na anayepata 1 au 2 ameshtukizwa, adui akiwa tayari yuko karibu naye, mita 3 hadi 9. Msomaji aangalie mpangilio huo kwa makini. Kwanza linakuja swali la ujuzi, ambalo msimamizi hulijibu kwa akili yake. Dadu inafuata baadaye, na inafuata tu ikiwa jibu la swali la kwanza limeacha shaka.

Tatizo linaanza kanuni hizi mbili zinapokutana mbele ya mlango mmoja. Mtu mmoja ana nafasi 1 kati ya 3 ya kuufungua mlango kwa pigo la kwanza. Ukifunguka, waliomo ndani wana nafasi 1 kati ya 3 ya kushtukizwa. Zidisha, na utaona kuwa mpango wake wote una nafasi 1 kati ya 9 ya kufaulu, yaani kama asilimia 11. Akishindwa pigo la kwanza, kelele imeshasikika na kushtukiza kumekwisha. Wakisukuma watatu, nafasi ya mlango kufunguka inapanda hadi 19 kati ya 27, kama asilimia 70, na nafasi ya kufungua na kushtukiza kwa pamoja inafika karibu asilimia 23, ila wao wenyewe wameshapoteza uwezo wa kutenda haraka. Hapo kuna uchaguzi wa kweli, nguvu dhidi ya wepesi, na ndiyo sehemu bora ya kanuni ya 1974. Lakini mchezaji wa kawaida haoni uchaguzi huo. Anaona tu kwamba mara nane kati ya tisa mpango wake umeharibiwa na dadu. Baada ya jioni mbili tatu anaacha kupanga. Anapiga teke na kungoja majaliwa.

Mlango ulivyoimeza kanuni

Matoleo yaliyofuata yalijaribu kutengeneza, na mengi yalitengeneza upande usiofaa. Toleo la mwaka 2000 lilikuja na jedwali la milango: mchezaji hutupa dadu yenye pande 20, huongeza nguvu za mhusika, na hulinganisha jumla na ugumu wa mlango. Mlango hafifu wa mbao uliokwama una ugumu wa 13. Ulio imara 23. Wa chuma 28. Ni jedwali zuri kwa fundi seremala. Linamwambia mchezaji kila kitu kuhusu mlango, na haligusi watu walio nyuma yake. Mhusika anaweza kuugonga mlango wa chuma mara kumi, na jedwali lenyewe halisemi kwamba pigo la kwanza limewaamsha waliolala. Kazi hiyo imeachwa kwa msimamizi mwenye kukumbuka.

Toleo la 2014 liliipeleka kanuni ya kushtukiza mahali pengine. Wanaonyemelea hutupa dadu ya kujificha, matokeo yake yakalinganishwa na umakini wa kila adui, na aliyeshtukizwa hupoteza zamu yake yote ya kwanza. Lakini toleo hilohilo lina kifungu kimoja kidogo ambacho kwangu kina thamani kuliko jedwali zima la milango. Uganga wa kufungua makomeo, ambao katika matoleo ya kale uliufungua mlango bila kutajwa kelele yoyote, sasa hutoa mlio mkubwa wa kugonga unaosikika hadi futi 300, yaani mita zipatazo 90. Kwa sentensi moja waandishi walikiri jambo ambalo jedwali la milango lilikuwa limelisahau: gharama ya kufungua mlango ni kwamba wengine watajua umeufungua. Uganga haushindwi na mlango, ila hauwezi kuficha kuwa umekuja.

Mwaka 2024 kanuni ilibadilishwa tena. Aliyeshtukizwa hapotezi zamu. Anatupa dadu ya kutangulia mara mbili na kuchukua matokeo mabaya zaidi. Waliobadilisha walikuwa na sababu, maana hakuna anayefurahi kukaa meza moja na wenzake akiwatazama wakicheza. Hata hivyo, mwelekeo wa safari nzima unaonekana. Kwa nusu karne waandishi wamekuwa wakipima ukubwa wa adhabu ya kushtukizwa, huku swali la nani alijua nini likizidi kusukumwa pembeni.

Msonge na handaki

Sasa tuihamishe kanuni hiyo Karagwe. Msonge ni nyumba ya mviringo ambayo nyasi zake hushuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, juu ya mifupa ya miti na matete. Mlango ni mmoja. Ndani, viambaza vya matete hutenganisha sehemu moja na nyingine, sakafu imetandikwa nyasi, na kuizunguka nyumba kuna kibanja cha migomba. Jedwali la mwaka 2000 halina la kusema hapa. Mlango wa matete hauwezi kumshinda mtu mzima mwenye nguvu, na hata ukimshinda, ukuta wenyewe ni nyasi. Kwa jedwali lile, kila nyumba ya ufalme wa Karagwe iko wazi, na mchezo umekwisha kabla haujaanza.

Lakini mchezo haujaisha, kwa kuwa ugumu wa msonge hauko kwenye mlango. Uko kwenye kibanja, ambako majani makavu ya mgomba hulia chini ya mguu. Uko kwa mbwa. Uko kwenye mwanga pia. Mchana, anayeingia kutoka juani anasimama mlangoni kama kipofu kwa muda, huku waliomo ndani wakimwona wazi dhidi ya anga; aliyekuja kushtukiza ndiye aliyeshtukizwa. Usiku mambo yanageuka: waliokaa karibu na moto hawaoni gizani, na aliye nje huwahesabu mmoja mmoja kupitia upenyo wa matete. Mlango ni uleule, nguvu za mhusika ni zilezile, lakini jibu limegeuka kichwa chini miguu juu, na kilicholigeuza ni nani anamwona nani. Hata nyumba za leo za Kyerwa zina kanuni yake. Mvua kubwa ya masika ikipiga juu ya bati, watu waliomo chumba kimoja hupaza sauti ili wasikilizane. Mlango unaweza kung'olewa wakati huo na wa chumba cha pili asijue. Mvua ikikata, hata komeo likiguswa linasikika.

Historia ya Karagwe inatoa pia mfano wa mlango uliofunguka bila kuguswa. Mwaka 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Grant walipita Usui, ambako walicheleweshwa na kutozwa hongo nzito, kisha wakaingia Karagwe ya mfalme Rumanyika. Huko, kwa maelezo ya Speke mwenyewe, walikutana na mjumbe wa mfalme aliyetumwa kuwapokea, wakapewa chakula njiani, na hawakudaiwa hongo. Rumanyika alikuwa na habari zao kabla hawajafika, na alikwisha kuamua wao ni nani kwake. Kanuni za 1974 zina nafasi ya jambo kama hilo, ingawa wachezaji wengi huliruka: msimamizi hutupa dadu mbili kuona wenyeji wanawapokeaje wageni. Jumla ya 2 hadi 5 ni uadui, 6 hadi 8 ni mashaka, na 9 hadi 12 ni ukarimu. Ukipiga hesabu, nafasi ya kupokelewa vizuri ni 10 kati ya 36, karibu asilimia 28. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya asilimia 11 ya yule aliyepiga teke peke yake. Kupiga hodi ni mbinu halali ya mchezo, na kwa dadu zilezile inalipa kuliko ubabe.

Speke aliandika pia kisa alichosimuliwa kuhusu namna Rumanyika alivyoupata ufalme. Yeye na ndugu zake wawili waliwekewa ngoma ndogo iliyotiwa dawa. Wengine walishindwa kuiinua, na Rumanyika akaiinua kwa kidole kidogo. Anayesimamia mchezo katika ardhi hii hahitaji kuazima milango ya kiajabu kutoka ngome za Ulaya. Ana mfano mkononi wa kizuizi ambacho hakiulizi una misuli kiasi gani. Kinauliza wewe ni nani, na ndiyo sababu hakuna jedwali la ugumu wa mbao linaloweza kukipima.

Mshtuko unafanya nini hasa

Yupo atakayesema kwamba yote haya ni ya kubuni, na kwamba mshtuko halisi ni suala la silaha na bahati. Kagera ina ushahidi wake, na ni wa kuzungumzwa kwa heshima kwa kuwa watu walikufa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin liliingia na kulikalia eneo la kaskazini ya mto Kagera, na Novemba daraja la Kyaka likabomolewa. Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwasukuma wavamizi nje na kuendelea ndani ya Uganda. Machi 10, 1979, brigedi ya 201 ya Tanzania ilikuwa Lukaya, kwenye barabara ya kwenda Kampala, ilipokutana na msafara wa askari wa Libya na Uganda uliokuwa unakwenda kuukomboa mji wa Masaka. Msafara ule haukutarajia kuwakuta Watanzania pale. Makombora yao mengi yalipita juu ya vichwa vya askari bila kuwadhuru. Hata hivyo askari wengi wa brigedi ile, ambao hawakuwa wazoefu wa vita, walivunja safu na kukimbia.

Mambo mawili yanajitokeza. La kwanza, pande zote mbili zinaweza kushtukizwa kwa wakati mmoja, kama kanuni ya 1974 ilivyosema ilipoupa kila upande dadu yake. La pili, mshtuko ulivuruga mpangilio kuliko ulivyojeruhi miili. Ulichukua muda, na muda ulirudishwa: usiku ule askari walikusanywa upya, na brigedi ya 208, iliyokuwa mbali upande wa kaskazini-magharibi, iliamriwa kuzunguka. Alfajiri ya Machi 11 ilikuwa imefika kwenye barabara ya Kampala, nyuma ya adui, na shambulio likaja kutoka pande mbili. Safari hii aliyeshtukizwa alikuwa mwingine. Ushindi wa siku ya pili ulipatikana kwa kutokea mahali ambapo adui hakufikiria, na gharama yake ilikuwa mwendo mrefu wa usiku. Kanuni yoyote ya mezani inayotaka kufanana na ukweli inapaswa kusema mambo hayo: mshtuko ni mfupi, unavuruga zaidi ya kuua, na unanunuliwa kwa maandalizi.

Dadu moja, swali moja

Kutokana na hayo napendekeza kanuni ambayo haihitaji zaidi ya dadu ya ludo, inayopatikana katika duka lolote la kijijini. Kabla ya kutupa chochote, msimamizi ajiulize: waliomo ndani wanajua kwamba kuna watu mlangoni? Kama wanajua, hakuna kushtukiza, na dadu itapima mlango peke yake. Kama hawajui, dadu moja inatupwa na kujibu yote matatu. Ikitoka 1 au 2, mlango umefunguka kwa pigo moja na waliomo wameshtukizwa. Wanaoingia wana zamu moja ambayo haijibiwi. Ikitoka 3 au 4, mlango umefunguka lakini waliomo wamewahi kushika silaha, na pande mbili zigombee nani atangulie. Ikitoka 5 au 6, mlango umegoma, na kuanzia hapo waliomo wanajua.

Maandalizi yaliyosemwa wazi hupanua nafasi ya kwanza kwa nambari moja. Aliyesikiliza kwa subira mpaka mazungumzo ya ndani yakapamba moto, aliyengoja mvua ipige bati, aliyezunguka hadi nyuma ya msonge akapenya kwenye nyasi: wote hao wanashtukiza kwa 1 hadi 3, yaani nusu kwa nusu badala ya 1 kati ya 9 ya zamani. Wanaosukuma kwa pamoja nao hawaondoki bure: mlango ukigoma kwa 5, wao huufungua, lakini kama ilivyokuwa 1974, hawapati zamu ya bure hata wakipata 1. Na kanuni hii iwahusu mazimwi sawasawa na mashujaa. Wachezaji wakilala ndani ya nyumba bila mlinzi, msimamizi anauliza swali lilelile kwa niaba ya anayenyemelea nje.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito zaidi, ni la haki. Dadu haina ndugu, wanasema wanaoitetea, msimamizi anaye. Ukimpa msimamizi mamlaka ya kuamua nani anajua nini, umempa nafasi ya kumwonea huyu na kumbeba yule. Hofu hiyo ina msingi. Lakini mamlaka hayo anayo tangu 1974, kwa maana kanuni ya kale nayo ilimtaka aamue kwanza kama nafasi ya kushtukiza ipo ndipo dadu itupwe. Tofauti ni kwamba zamani uamuzi huo ulifichwa nyuma ya dadu. Hapa unawekwa mezani: msimamizi aandike jibu lake kwenye karatasi kabla ya mchezaji kutupa, na baada ya pambano aeleze sababu. Mchezaji anayeambiwa kwamba mbwa walibweka alipokatisha kibanjani hana kinyongo, kwa kuwa kesho atazunguka upande wa pili. Anayeambiwa tu kwamba dadu imekataa hana cha kujifunza.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanaopenda kanuni ya 2024: zamu ya bure ni kubwa mno, inaua wahusika na kuwakera wachezaji. Ni kweli kwamba ikizidi moja inaharibu mchezo, na mfano wa Lukaya unakubaliana nao kwamba mshtuko lazima uwe mfupi. Lakini tiba ya kuufanya mshtuko uwe kitu kidogo ina madhara yake. Kama kunyemelea kwa nusu saa kunaleta faida ndogo ya kutangulia, mchezaji mwenye akili hatanyemelea. Atapiga teke, kwa sababu teke ni la haraka. Kanuni hufundisha kile inacholipa. Zamu moja, isiyozidi, inatosha kulipa subira bila kumaliza pambano.

Pingamizi la tatu ni la wazazi, na lisidharauliwe. Kwa nini vijana wa Nyakatuntu wafundishwe kuvunja milango ya watu, tena katika mchezo wenye waganga na mazimwi, wakati bao lipo? Marekani yenyewe ilipitia hofu hiyo miaka ya 1980, wazazi na viongozi wa dini wakiuhusisha mchezo huu na ushetani. Kuhusu mazimwi, jibu ni jepesi: hadithi zetu za jioni zimejaa mazimwi, na hakuna mtoto aliyeacha maadili kwa kuzisikiliza. Kuhusu bao, ni mchezo mkubwa, na ndugu zake wenye mashimo 32 na kete 64 wanachezwa Uganda kwa jina la omweso na Rwanda kwa jina la igisoro. Lakini katika bao kila kete iko wazi mbele ya wachezaji wote wawili. Linanoa hesabu na kuona mbele. Halimfundishi mtu kufikiri juu ya asichokiona, wala kujiuliza mwenzake anajua nini. Hilo ndilo mchezo wa kuigiza unaloweza kuongeza, na ndiyo sababu kanuni ya mlango si jambo dogo ndani yake.

Kuhusu uvunjaji wenyewe, mzazi ana haki ya kuuliza kanuni inalipa nini. Kanuni ya jedwali la mbao inalipa nguvu: aliye na misuli anaingia. Kanuni inayoanza na ujuzi inamlazimu mchezaji kufikiri juu ya watu walio nyuma ya mlango, wangapi, wanafanya nini, wataogopa nini, na kama kuna sababu ya kugombana nao kabisa. Mara nyingi atakayefanya hesabu hiyo kwa uaminifu atagundua kuwa hodi ina nafasi nzuri kuliko teke. Jamii inayosema mgeni njoo mwenyeji apone haina haja ya kuogopa mchezo unaofikia hitimisho hilo kwa dadu.

Msimamizi anayetaka kujua kama kanuni yake ni nzuri asipime idadi ya milango iliyovunjwa wala mazimwi yaliyouawa. Asikilize wachezaji wanasema nini wanapofika mbele ya mlango unaofuata. Wakisema tu wanatupa dadu, kanuni imewashinda. Wakianza kuuliza kama kuna mwanga ndani, kama mbwa wamefungwa, kama mvua imekata na kama kuna njia ya nyuma, basi kanuni imefanya kazi yake, hata kama jioni nzima itapita bila mtu kuinua mguu.